Majaji wa Majimbo ya Marekani: Namna Wanavyowekwa na Namna Wanavyobakishwa

Mtu atakaye kueleza kwa Kiswahili jinsi majaji wa Marekani wapatavyo viti vyao hukutana na matatizo mawili ya maneno kabla hajaifikia sheria yenyewe. La kwanza linahusu zile sehemu 50 zilizoungana kuwa taifa lao. Neno walitumialo wenyewe kwa kila moja ya sehemu hizo ndilo pia neno la wataalamu wa siasa kwa maana ya dola. Kwa hiyo mfasiri mwenye haraka huandika "mahakama za serikali", na msomaji wake akafahamu kwamba ni mahakama za Washington. Sivyo. Ni mahakama za majimbo, nazo zina katiba zao, sheria zao na majaji wao, wala Rais wa Marekani hana mkono katika kuwaweka.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi, nalo ni kitenzi *kuchagua*. Kwetu mtu huchagua nazi sokoni, huchagua mchumba, na huchagua mbunge kwa kura; na Rais naye akimpa mtu cheo watu husema amemchagua, ingawa waandishi wa sheria wangetaka tuseme amemteua. Katika mazungumzo ya kila siku ulegevu huu hauna madhara. Katika jambo tulilo nalo una madhara makubwa, kwa sababu ugomvi wa Waamerika juu ya majaji wao, uliodumu kwa karibu miaka 200, umo ndani ya ulegevu huo huo: je, jaji ateuliwe au apigiwe kura? Na akiisha kukaa kitini, ni nani mwenye uwezo wa kumwambia abaki, na ni nani mwenye uwezo wa kumwambia aondoke? Katika makala haya nitatumia *kuweka* kwa tendo zima, kama watu wa pwani walivyosema kwamba Sultani ameweka kadhi. Ndani ya tendo hilo nitatofautisha kupendekeza, kuteua, kuthibitisha, kuchagua kwa kura, na kubakisha. Hili la mwisho ndilo lisilo na jina lililozoeleka kwetu, na nadhani ndilo lenye uzito kupita yote.

Kwanza tuwaweke kando majaji wa taifa. Hao huteuliwa na Rais, huthibitishwa na Seneti, na hukaa kazini maadamu mwenendo wao ni mwema, yaani kwa kawaida mpaka wafe au wajiuzulu wenyewe. Magazeti ya dunia huwaandika sana, hasa wale tisa wa Mahakama ya Juu. Lakini mtu wa Marekani akishtakiwa kwa uuaji, akimwacha mkewe, akigombania mpaka wa shamba au urithi wa baba yake, aghalabu husimama mbele ya jaji wa jimbo. Zaidi ya kesi tisa katika kila kumi za nchi hiyo husikizwa huko.

Wakati wa ukoloni majaji wa Marekani waliwekwa na mfalme wa Uingereza, au na magavana wake. Katika tamko lao la uhuru la mwaka 1776, moja ya malalamiko waliyoyaandika juu ya mfalme huyo ni kwamba amewafanya majaji wategemee radhi yake peke yake kwa kazi na kwa mshahara. Basi yangetarajiwa majimbo mapya yawakabidhi majaji kwa wananchi. Hayakufanya hivyo. Katika majimbo yale 13 ya kwanza majaji wakuu waliwekwa ama na gavana pamoja na baraza lake, ama na Bunge la jimbo. Mississippi, mwaka 1832, ndilo jimbo la kwanza lililoamuru kwamba majaji wake wote wachaguliwe kwa kura. New York ikafuata mwaka 1846, na tangu hapo mlango ukawa wazi: kila jimbo lililoingia katika Muungano kati ya mwaka huo na 1912 liliingia na katiba iliyowapa wananchi kura juu ya majaji wote au baadhi yao.

Wengi hudhani kwamba waliotaka kura walitaka kumdhoofisha jaji, ili afuate matakwa ya umati. Habari za New York zaonyesha karibu kinyume chake. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 1837 majimbo kadha yalijikuta yamezama katika madeni, kwa kuwa Mabunge yao yalikopa bila kiasi kwa ajili ya mifereji na njia za reli. Watu wakauliza kwa nini majaji hawakuyazuia. Jibu lililotolewa na wengi ni kwamba jaji aliyewekwa na gavana na Bunge hawezi kuwa mkali kwa waliomweka. Mpe chanzo kingine cha nguvu, yaani kura, naye atathubutu kusema kwamba sheria fulani ni batili. Kwa hiyo kura ilikuwa dawa ya woga. Kwamba dawa yenyewe ilileta woga wa namna nyingine ni habari ya miaka iliyofuata.

Vyama vya siasa ndivyo vilivyoipeleka kura huko. Mpiga kura hamjui jaji. Hamsikii akihutubu, wala hasomi hukumu zake. Akifika mbele ya karatasi ya kura hutazama jina la chama. Mwenye chama basi ndiye aliyekuwa na majaji. Katika Jiji la New York, siku za William Tweed na jumba la Tammany, mambo yaliharibika hata mawakili wakaunda chama chao mwaka 1870 ili kupigana na uchafu wa mahakama. Mwaka 1872 Jaji George Barnard alishtakiwa na kuondolewa, na Jaji Albert Cardozo akajiuzulu kabla hajafikiwa na mashtaka. Wapenzi wa sheria wanalifahamu jina hilo kwa sababu nyingine. Mwana wa huyo Albert ni Benjamin Cardozo, ambaye wengi humhesabu miongoni mwa majaji bora waliopata kutokea Marekani. Naye alichaguliwa kuwa jaji mwaka 1913 kwa mlango ule ule wa kura za New York, akaishia katika Mahakama ya Juu ya taifa mwaka 1932. Mlango mmoja ulimpitisha baba na mwana, na atakaye kuuhukumu mlango huo kwa mtu mmoja aliyepita ajihadhari.

(Naomba ruhusa ya kuongeza jambo dogo kwa ajili ya wafasiri. Mahakama ambayo Benjamin Cardozo alichaguliwa mwaka 1913 huitwa, kwa neno la New York, Mahakama ya Juu, lakini si ya juu hata kidogo: ndiyo isikizayo kesi mwanzo. Iliyo juu kabisa katika jimbo hilo ni Mahakama ya Rufani. Mfasiri asiyejua hayo atampandisha jaji cheo bila Gavana wala wapiga kura kuwa na habari.)

Mwanzoni mwa karne ya 20 majimbo kadha yalijaribu kulitenga jina la chama na karatasi ya kura. Jaji hugombea, lakini jina lake husimama peke yake. Njia hii ingaliko, kwa mfano katika Wisconsin, Minnesota na Georgia, na tutaona kwamba kuliondoa jina la chama kwenye karatasi si kukiondoa chama.

Njia ya tatu ilitoka Missouri. Mtungaji wa wazo lake ni Albert Kales, mwalimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Northwestern, aliyelieleza karibu na mwaka 1914. Lakini wazo lilingoja robo ya karne kabla ya kupata nchi ya kulipokea. Katika Kansas City mtu mmoja, Tom Pendergast, aliiendesha siasa kama duka lake, na majaji walikuwa miongoni mwa bidhaa za dukani. Mwaka 1939 alifungwa kwa kukwepa kodi, na mwaka 1940 wananchi wa Missouri walipiga kura ya kubadili katiba yao.

Mpango wa Missouri unastahili kuelezwa polepole, maana ndani yake matendo niliyoyataja huonekana moja moja. Kiti kikiwa wazi katika Mahakama ya Juu ya jimbo, tume ya watu saba hukaa: mawakili watatu waliochaguliwa na mawakili wenzao, raia watatu wasio mawakili walioteuliwa na gavana, na jaji mmoja wa mahakama hiyo. Tume huwapokea waombaji, huwapima, na hupendekeza majina matatu. Gavana huteua mmoja kati ya hao watatu, wala hana ruhusa ya kutafuta wa nne. Akikaa siku 60 bila kuteua, tume yenyewe huteua. Jaji huyo akiisha kufanya kazi muda usiopungua mwaka mmoja, jina lake hupelekwa kwa wananchi katika uchaguzi mkuu unaofuata, naye hana mpinzani. Swali ni moja tu: jaji huyu abaki kazini? Mpiga kura hujibu ndiyo au la. Wakisema ndiyo, hupata muhula wa miaka 12, kisha huulizwa tena. Wakisema la, kiti huwa wazi na tume hukaa upya.

Tendo hili la mwisho ndilo niliitalo *kura ya kubakisha*. Sioni kwamba *kuchaguliwa tena* kwafaa, kwani kuchagua kwataka kuwe na zaidi ya mmoja, na hapa hayuko wa pili. *Kubakiza* nako kwaleta fikira za ukoko chunguni. *Kubakisha* ni kumfanya mtu abaki, na maana yake haina utata.

Siku zile zile za ukulima wa wazo hili, jirani wa Missouri alitoa kisa ambacho kingedhaniwa kimetungwa. Mwaka 1956 Gavana Fred Hall wa Kansas alishindwa katika uteuzi wa chama chake mwenyewe, na muda wake ukawa unakwisha Januari 1957. Jaji Mkuu William Smith alikuwa mgonjwa na alitaka kustaafu, bali hakupenda mrithi wake ateuliwe na gavana mpya wa chama kingine. Basi siku chache kabla ya gavana mpya kuapishwa, Jaji Mkuu akajiuzulu. Hall naye akajiuzulu ugavana. Makamu wake, John McCuish, akawa gavana kwa siku hizo zilizosalia, na akamteua Hall kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo. Hakuna sheria iliyovunjwa. Watu wa Kansas walikasirika hata mwaka 1958 wakaupokea mpango unaofanana na ule wa Missouri kwa Mahakama yao ya Juu.

Leo majimbo yametawanyika kati ya njia zote hizi, na lililo karibu na lingine kwa ardhi laweza kuwa mbali nalo kwa sheria. Texas na Alabama huchagua majaji kwa kura zenye majina ya vyama. South Carolina na Virginia zimeliachia Bunge kazi hiyo. Katika Massachusetts gavana huteua, baraza lake huidhinisha, na jaji hukaa mpaka umri wa miaka 70. Katika Rhode Island majaji wa Mahakama ya Juu hawana ukomo wa miaka. New Jersey, kwa katiba yake ya mwaka 1947, humpa jaji miaka saba ya kwanza, na gavana na Seneti wakimkubali mara ya pili, hawamgusi tena mpaka afikie 70. Pennsylvania humchagua kwa vyama mara ya kwanza, kisha humpigia kura ya kubakisha. Na katika majimbo ya kura, jaji akifa au akijiuzulu katikati ya muhula, mara nyingi gavana hujaza kiti. Hivyo majaji wengi wahesabiwao kuwa wamechaguliwa walianza kwa kuteuliwa.

Msomaji akitazama orodha hiyo atashawishika kuuliza ni njia gani imlete jaji mwema. Mimi nadhani swali hilo limepewa nafasi kubwa mno. Jaji mwema na jaji mbaya wametoka katika kila njia, kama tulivyoona kwa akina Cardozo. Lililo gumu huja baadaye, siku jaji anapoandika hukumu akijua ni nani atakayeisoma kabla ya muhula wake kwisha.

Kwa miaka mingi kura ya kubakisha ilionekana kuwa desturi tu. Takriban kila jaji alibakishwa. Kisha ikaja California, mwaka 1986. Jaji Mkuu Rose Bird, katika kila kesi ya hukumu ya kifo iliyomfikia, alikuwa amepiga kura ya kuitengua hukumu hiyo. Kampeni kubwa ilifanywa, na wananchi wakasema la kwake na kwa wenzake wawili, Cruz Reynoso na Joseph Grodin. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Iowa, kwa sauti moja, iliamua kwamba sheria ya jimbo iliyozuia ndoa za watu wa jinsia moja inapingana na katiba ya jimbo. Majaji saba waliafikiana. Watatu kati yao, Marsha Ternus, David Baker na Michael Streit, ndio waliofikiwa na zamu ya kura mwaka 2010. Wote watatu waliondolewa. Wanne waliosalia walikuwa wameandika hukumu ile ile. Msomaji na aipime hukumu yenyewe kwa imani yake apendavyo. Jambo la kutazama hapa ni kwamba kilichowatenga watatu na wanne ni kalenda.

Wala si kesi za sifa peke yake. Wataalamu wawili, Gregory Huber na Sanford Gordon, walichunguza adhabu zilizotolewa na majaji wa mahakama za mwanzo za Pennsylvania, na mwaka 2004 wakatoa matokeo kwamba adhabu hurefuka kadiri kura ya kubakisha inavyokaribia. Wafungwa hao hawakupata kutajwa katika gazeti lolote. Mtu aliyehukumiwa mwaka wa kura na mwenzake aliyehukumiwa miaka mingi kabla yake waweza kuwa wametenda kosa moja.

Penye kura pana gharama, na penye gharama pana mlipaji. Katika West Virginia baraza la wazee wa mahakama lilikuwa limeiamuru kampuni ya makaa ya mawe ya Massey ilipe takriban dola milioni 50. Kabla ya rufani kusikizwa, mkuu wa kampuni hiyo, Don Blankenship, alitumia kama dola milioni 3 katika uchaguzi wa mwaka 2004 kumsaidia Brent Benjamin apate kiti katika Mahakama ya Juu ya jimbo. Benjamin alishinda. Rufani ilipokuja aliombwa ajitoe, akakataa. Kampuni ikashinda kwa kura tatu dhidi ya mbili, na yake ikiwamo. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya taifa ilisema, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba ilimpasa ajitoe. Lakini haikusema, wala haikuweza kusema, ni kiasi gani cha fedha kinachovuka mpaka. Katika Wisconsin, ambako karatasi ya kura haina jina la chama, kiti kimoja cha Mahakama ya Juu kiligombewa Aprili 2025 kwa zaidi ya dola milioni 90, na vyama vyote viwili vilisimama hadharani nyuma ya wagombea wao. Susan Crawford alimshinda Brad Schimel, ambaye upande wake ulipata mamilioni ya Elon Musk.

Baada ya hayo yote, ingekuwa rahisi kuwadharau wapendao kura. Haingekuwa haki. Nitataja Louisiana, kwa kuwa kisa chake ni cha lugha pia. Jiji la New Orleans, lenye Waamerika weusi wengi, lilikuwa limeunganishwa na wilaya za jirani zenye weupe wengi kwa ajili ya kuchagua majaji wawili wa Mahakama ya Juu ya jimbo, na hakuna mweusi aliyepata kuchaguliwa humo. Wapiga kura wa jiji walishtaki chini ya sheria ya taifa ya haki za kupiga kura. Sheria hiyo, kama ilivyorekebishwa mwaka 1982, iliwalinda watu wachache katika kuchagua "wawakilishi". Louisiana ikajibu: jaji si mwakilishi wa mtu. Mwaka 1991 majaji sita wa Mahakama ya Juu ya taifa, kwa kalamu ya John Paul Stevens, walisema kwamba jimbo likiamua kumchagua jaji kwa kura, basi neno hilo lamhusu. Watatu walikataa, na Antonin Scalia akashikilia kwamba neno lichukuliwe kwa maana yake ya kawaida, na kwamba kwa maana hiyo hakuna amwitaye jaji mwakilishi. Katika Kiswahili Scalia angepata mashahidi tele, maana *mwakilishi* ni asemaye kwa niaba ya mwingine, na jaji wetu hasemi kwa niaba ya yeyote. Hata hivyo, tunda la uamuzi lilionekana upesi: mwaka 1992 Revius Ortique alichaguliwa kuwa jaji mweusi wa kwanza wa mahakama hiyo, na Bernette Johnson, aliyeingia mwaka 1994, akawa Jaji Mkuu mwaka 2013. Watu kama hao kura iliwaona.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna majaji wa kura. Katika Tanzania majaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikwenda mbali zaidi: tume hupendekeza, na Rais humteua aliyependekezwa. Lakini haikueleza itakuwaje Rais asipofanya hivyo. Majina yalipendekezwa mwaka 2019. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2020 kwamba Rais hana hiari ya kukataa. Juni 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliteua 34 akawaacha sita, na hao sita walingoja mpaka Septemba 2022, alipoingia Rais William Ruto. Waandishi wa Missouri, waliokwisha kumjua Pendergast, waliweka siku 60 na wakaandika ni nani atakayeteua siku ya 61. Kati ya yote niliyoyaeleza, kifungu hicho kifupi ndicho ningependa wataalamu wetu wa sheria wakitazame.

Nako Kansas mambo yamerudi mwanzo. Mwaka 2025 Bunge la jimbo hilo, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa limeudhiwa na hukumu za mahakama juu ya fedha za shule na juu ya utoaji mimba, liliamua kuwapelekea wananchi shauri la kuufuta mpango wa mwaka 1958 na kuwachagua majaji wa Mahakama ya Juu kwa kura, na likapanga shauri hilo lipigiwe kura Agosti 2026. Wanaolitetea husema kwamba tume ya majina imekuwa mali ya mawakili. Wanaolipinga hutaja Wisconsin na mamilioni yake. Fred Hall na kisa chake cha Januari 1957 hutajwa na wachache.